Ukumbi Mdogo wa Mtaa wa Bowery

Mnamo Desemba 1973, Hilly Kristal alifungua ukumbi mdogo wa CBGB katika mtaa wa Bowery, New York, akikusudia muziki wa kantri na bluzi. Waliobisha hodi wakawa vijana wa roki wasio na mkataba wa kurekodi. Aliwapokea kwa sharti moja: wapige nyimbo walizotunga wenyewe. Juni 1975, wasikilizaji waliziona kwa usiku mmoja Ramones na Talking Heads, zikiwa bado hazijatoa santuri. Mzozo wa kodi ya pango uliufunga ukumbi huo mwaka 2006, Patti Smith akiimba usiku wa mwisho. Nasi tukitamani watunzi wapya, hatuna budi kuwafungulia mlango kama ule, na kushikilia sharti lile.