Mgeni wa Kituo Namba Sita: jiwe la angani lililowakutanisha watu wasiojuana

Alfajiri ya Jumanne, 7 Oktoba 2008, katika vijiji vya kaskazini mwa Sudan watu walikuwa wametoka kuswali waliposhtushwa na mwanga mkali uliokata anga la Jangwa la Nubia. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika 46, saa ileile ya Nairobi na Dar es Salaam. Mwanga ulizimika upesi, lakini moshi wake ulibaki juu, ukipindwapindwa na upepo hadi kukapambazuka, na kuna aliyewahi kuurekodi kwa simu ya mkononi.

Waliouona hawakujua kwamba mgeni huyo alikuwa anatazamiwa. Tangu siku iliyotangulia wataalamu wa mabara kadhaa walikuwa wakimfuatilia, na walishajua angeingilia nchi gani na saa ngapi. Lilikuwa jambo la kwanza katika historia ya binadamu: jiwe la angani kuonwa likiwa bado njiani, kutabiriwa litakapoangukia, kisha kuokotwa.

Afrika Mashariki tunavijua vimondo. Kile cha Mbozi, mkoani Songwe, ni chuma cha tani kadhaa kinachotembelewa na watalii na wanafunzi, lakini hakuna aliyeandika habari za siku kilipoanguka. Cha Sudan kina kumbukumbu za karibu kila saa, na zinaonyesha wazi kwamba kila hatua ilifanikiwa kwa sababu mtu fulani alimwamini mtu asiyemjua.

Habari za saa ishirini

Aliyeliona kwanza ni Richard Kowalski, mtaalamu wa mradi wa Catalina Sky Survey, akitumia darubini ya Mlima Lemmon karibu na mji wa Tucson, Arizona. Kwake ulikuwa usiku, saa sita kasoro dakika chache. Kwetu ilikuwa saa tatu na nusu na ushei asubuhi ya Jumatatu, 6 Oktoba. Alichokiona ni nukta inayosogea kati ya nyota, na kwa mradi unaosaka asteroidi, yaani mawe ya angani, nukta ya aina hiyo ni kazi ya kila siku. Aliituma kwenye kituo cha Minor Planet Center huko Cambridge, Massachusetts, ambako taarifa za asteroidi za dunia nzima hukusanywa.

Hesabu zilipofanywa, ilionekana kwamba njia ya jiwe hilo ilikuwa inakatana na Dunia, na muda uliobaki haukufika siku nzima. Steve Chesley wa maabara ya JPL ya NASA alithibitisha kuwa lingeingia juu ya kaskazini mwa Sudan alfajiri ya siku ya pili. Lilipewa jina la 2008 TC3. Halikuwa la kutisha: upana wake ulikuwa kama mita nne na uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 80, na jiwe la kiasi hicho huvunjika angani kabla ya kugusa ardhi.

Habari zilipotangazwa, wenye darubini, wataalamu na wapenzi wa nyota kwa pamoja, waliacha walichokuwa wakifanya. Zaidi ya vituo ishirini vilituma vipimo zaidi ya 500 katika muda usiozidi saa 19. Wengi wao hawakuwahi kuonana, lakini kila mmoja alikuwa akiongeza kipimo chake kwenye hesabu iliyoanzishwa na mwingine. Katika kisiwa cha La Palma, timu ya Queen's University Belfast chini ya Alan Fitzsimmons iliielekeza darubini ya William Herschel kwenye jiwe hilo na kuupima mwanga wake, ili kujua aina ya mwamba. Karibu saa moja kabla ya kuanguka, jiwe liliingia katika kivuli cha Dunia na halikuonekana tena.

Usiku huohuo ndege ya KLM iliyotoka Johannesburg kwenda Amsterdam ilikuwa ikipita juu ya Chad. Mtaalamu wa hali ya hewa nchini Uholanzi, Jacob Kuiper, aliyekuwa amezisoma habari za jiwe, alifikiria kuwa huenda kuna ndege ya nchi yake karibu na hapo, akafikisha ujumbe. Rubani Ron de Poorter na mwenzake walipunguza taa za chumba chao, wakatazama upande wa kaskazini mashariki. Saa ilipotimia waliona mwako uliopiga mara kadhaa kwa mbali, nyuma ya upeo wa macho, umbali wa kilomita kama 1,400.

Setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat 8 nayo iliunasa mwako huo. Huku kwetu, mitambo iliyoko Kenya, iliyotegwa kunasa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii, ilirekodi mshindo uliotoka upande wa Sudan. Ukubwa wa mlipuko ulikadiriwa kuwa sawa na tani 1,000 hivi za baruti aina ya TNT, na jiwe lilikuwa limepasuka kilomita 37 kutoka ardhini. Huko ni juu sana, na wataalamu wengi waliamini kwamba hakuna kilichobaki isipokuwa vumbi.

Khartoum yafungua mlango

Mmoja hakukubali. Peter Jenniskens, mzaliwa wa Uholanzi, ni mtafiti wa vimondo katika taasisi ya SETI huko California, inayojulikana kwa kutafuta dalili za uhai nje ya Dunia. Aliona kwamba kama kuna vipande, vingekuwa juu ya mchanga, na kwamba wa kumsaidia angekuwa Msudani. Mtu huyo akawa Dk. Muawia Shaddad, mwalimu wa fizikia na falaki katika Chuo Kikuu cha Khartoum.

Ili kuupima uzito wa jambo hilo, lazima tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Marekani ilikuwa imeiweka Sudan kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi tangu 1993, na vikwazo vya biashara vikafuata mwaka 1997. Mwezi Agosti 1998 makombora ya Marekani yalibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, upande wa pili wa mto kutoka katikati ya Khartoum. Vita vya Darfur vilikuwa vikiendelea, na Julai 2008 mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliomba hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir. Mgeni kutoka taasisi ya Marekani, anayetaka kuingia jangwani karibu na mpaka wa Misri kutafuta kitu kilicholipuka angani, angeweza kurudishwa kutoka uwanja wa ndege bila maelezo.

Hakurudishwa. Chuo kilimpokea, na Shaddad akaifanya kazi kuwa ya chuo. Walianza kwa wenyeji: walikwenda kwa watu waliouona mwanga, wakawasikiliza, wakawauliza ulipita upande gani na ulizimikia wapi. Maneno ya watu waliokuwa wametoka msikitini yakawekwa pamoja na hesabu za JPL na picha za setilaiti, na eneo la kutafuta likajulikana: jangwa lililo karibu na Kituo Namba Sita.

Kituo hicho kina historia yake. Mwaka 1897 jeshi la jenerali Mwingereza Kitchener lilitandika reli kutoka Wadi Halfa kukata jangwa hadi Abu Hamed, ili kupeleka askari na silaha kupigana na dola ya Khalifa Abdullahi iliyotawala Sudan. Vituo vya jangwani havikupewa majina bali namba. Maji yalipatikana katika viwili tu, Namba Nne na Namba Sita, na ndiyo maana Namba Sita kiliendelea kuwa mahali pa msafiri kushuka, kunywa na kupumzika. Njia iliyojengwa kwa ajili ya vita sasa ilikuwa inawaelekeza wanafunzi kwenye elimu.

Mstari wa wanafunzi

Tarehe 6 Desemba 2008, miezi miwili kamili tangu Kowalski aione nukta yake, wanafunzi na wafanyakazi 45 wa Chuo Kikuu cha Khartoum walifika jangwani. Walijipanga katika mstari mmoja mrefu, kila mtu na nafasi yake, wakaanza kutembea macho yakiwa chini. Ardhi yenyewe ilikuwa mchanga na changarawe, vilima vya mawe na mikondo mikavu ya maji. Shida haikuwa kuliona jiwe jeusi, kwa sababu jangwa hilo lina mawe meusi tele. Shida ilikuwa kulitambua lililo geni. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jembamba lililoungua kwa joto la kupita katika hewa, na ganda hilo halijachubuliwa na upepo wala mchanga.

Siku ya kwanza ilikuwa inaelekea kuisha gari lilipokuja mbio alikokuwa Jenniskens. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameona kitu. Kilikuwa kijiwe cha sentimita moja na nusu hivi, cheusi, chenye ganda lake, ambacho mtu mwingine angekipita. Kilikuwa ndicho. Wakati ule kundi zima, ambalo tangu asubuhi lilikuwa likitembea bila kujua kama kuna cha kupata, lilijua kwamba wataalamu waliosema hakuna kilichosalia walikosea.

Waliporudi Khartoum walikuwa na vipande 15. Mwisho wa mwezi huo wakarejea wakiwa zaidi ya 70, na hesabu ikafika vipande 47 vyenye uzito wa kilo 3.95. Misafara iliyofuata iliongeza hadi karibu vipande 600, uzito wa kilo kumi na ushei. Kimondo kikaitwa Almahata Sitta, yaani Kituo Namba Sita, na hazina yake ikatunzwa na Chuo Kikuu cha Khartoum.

Tarehe 26 Machi 2009 jarida la Nature lilichapisha matokeo. Jina la Shaddad lilikuwa la pili kati ya waandishi, na baada yake yakafuata majina ya Wasudani wengine. Wiki tatu kabla, tarehe 4 Machi, hati ya kumkamata al-Bashir ilikuwa imetolewa, na mlango wa kidiplomasia ulikuwa umebana kuliko wakati wowote. Hata hivyo, Desemba mwaka huohuo watafiti kutoka nchi mbalimbali walikusanyika Khartoum kwa kongamano la kimondo hicho, wakapelekwa jangwani na wanafunzi walewale waliokuwa wamekiokota. Siku hizo wanafunzi ndio waliokuwa wenyeji na walimu, na mabingwa wa maabara kubwa walikuwa wageni wao.

Jiwe la mchanganyiko

Maabara zilipokifungua kimondo hicho zilishangaa. Sehemu kubwa yake ni ureiliti, mwamba adimu wenye kaboni nyingi na almasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Lakini ndani ya jiwe hilohilo kulikuwa na vipande vya aina nyingine kabisa, vyenye asili mbalimbali, ambavyo kwa kawaida havikutani. Asteroidi yenyewe ilikuwa mkusanyiko wa vifusi: mabaki ya miili tofauti iliyogongana na kupondeka, yakashikamana na kusafiri pamoja.

Mwaka 2010 watafiti wa kituo cha Goddard cha NASA walitangaza kwamba wamekuta ndani yake asidi amino 19, malighafi za protini, katika jiwe lililowahi kupata joto la nyuzi 1,100 za selisiasi hivi. Hawakutarajia kuzikuta. Mwaka 2018 watafiti wa Lausanne, Uswisi, waliochunguza almasi zake walisema zilifanyika chini ya mgandamizo unaopatikana tu ndani ya mwili mkubwa, wenye ukubwa kati ya Utaridi na Mirihi. Kwa maelezo yao, mchanga wa Nubia ulikuwa umepokea mabaki ya sayari changa iliyovunjika zamani, Mfumo wa Jua ulipokuwa ndiyo kwanza unajengeka.

Somo lililofika Botswana

Miaka kumi baadaye kazi ya Khartoum ikawa mfano. Tarehe 2 Juni 2018 Kowalski yuleyule aliona jiwe jingine, 2018 LA, na saa chache baadaye likapasuka juu ya Botswana. Jenniskens akasafiri tena. Wataalamu wa huko, wakiwemo wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha BIUST na taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo, waliingia katika hifadhi ya Kalahari ya Kati, na tarehe 23 Juni Lesedi Seitshiro wa BIUST akaokota kipande cha kwanza, cha gramu 18. Kwa mara ya pili, jiwe lililotabiriwa likiwa angani lilikuwa limepatikana, na mara zote mbili ni katika ardhi ya Afrika, kwa macho na miguu ya Waafrika.

Sudan haikupata muda mrefu wa kuifurahia kazi yake ya Almahata Sitta. Vita vilizuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na Chuo Kikuu cha Khartoum kikajikuta katikati ya mapigano. Wadi Halfa, mji ambao watu wake walimtazama mgeni wa 2008, ulijaa maelfu ya familia zilizokimbia, zikisubiri ruhusa ya kuingia Misri. Wasomi wametawanyika.

Hapo ndipo historia hii inapotuhusu. Wasudani walimfungulia mlango mtu kutoka nchi ambayo serikali yake na yao hazikuwa na maelewano, wakamsikiliza, wakamtembeza, wakagawana naye sifa, na dunia nzima ikapata elimu. Vyuo vya Rwanda na Tanzania vimeshapokea wanafunzi wa udaktari wa tiba kutoka Sudan ili wamalize masomo. Mlango huo upanuliwe kwa wanafizikia, wanajiolojia na walimu wao pia, Nairobi, Kampala, Dodoma na kwingineko, na wapewe madarasa, maabara na nafasi ya kufundisha. Waliojua kumpokea mgeni wanastahili kupokewa.