Nyoka wa kwanza wa kufuga: anayeanza achague yupi, na yupi asimguse

Kwenye video za simu wanaonekana vijana wa Ulaya na Marekani wamemvaa nyoka shingoni kama kitambaa cha baridi. Kule ni jambo la kawaida. Nyoka ananunuliwa, anawekwa ndani ya sanduku la vioo lenye taa ya joto, na kila juma anapewa panya aliyetolewa kwenye friji. Ndugu wengi wa Uvira, Fizi na Masisi wanaoishi sasa Marekani wanaweza kukutana na mambo hayo kwa jirani wa mlango wa pili. Halafu kijana wa Goma ao Bunia anaangalia, anakumbuka ile nyoka ya shambani kwa babu, anasema: na mimi nitafuga yangu.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Nyoka wa video karibu wote wamezaliwa kifungoni, na aliyewauza anajua ni wa aina gani, wana umri gani, wanakula nini. Nyoka anayeokotwa Walungu ao Beni hana hata moja la hayo. Kwa hiyo swali la kwanza la anayeanza si rangi wala urefu. Ni hili: ni nani aliye na hakika, bila kubahatisha, kwamba huyu ni nyoka gani?

Wawili wanaopewa wanafunzi kule ng'ambo

Mtu anayeanza Ulaya ao Marekani kwa kawaida anashauriwa achague kati ya wawili. Wa kwanza ni nyoka wa mahindi, mwenyeji wa kusini-mashariki ya Marekani. Hana sumu, ana rangi ya machungwa yenye mabaka mekundu, anafika mita 1 mpaka mita 1 na nusu, na hasumbui kwa chakula. Anaweza kuishi miaka 15 mpaka 20.

Wa pili ni Mwafrika. Ni chatu mdogo ambaye Waingereza wanamwita chatu-mpira, juu akiogopa anajikunja mviringo kama mpira na kuficha kichwa katikati. Makao yake yanaanzia Senegal yanafika Uganda, na yanagusa pia kaskazini-mashariki ya Kongo. Togo, Benin na Ghana zimekuwa zikimuuza nje kwa wingi miaka na miaka. Ni mpole, mara chache anapita mita 1 na nusu. Lakini ana kasoro mbili: anaweza kukaa miezi bila kula hata kama haumwi, na anaishi muda mrefu sana. Kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mmoja aliyefika pale mwaka 1961 alitaga mayai 7 mwaka 2020, akiwa amekadiriwa kuwa na miaka 62. Anayemchukua akiwa na miaka 18 anaweza kumwachia wajukuu.

Kuko pia jambo la baridi. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Chatu-mpira anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 31 ao 32, na upande mwingine kama 26, ili achague mwenyewe. Kalemie, Uvira ao Kindu, ambako ni chini na kuna joto, si shida kubwa. Lakini Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Usiku kule ni baridi, na umeme ukikatika taa ya joto inazimika. Chatu aliyekwisha kula akipigwa na baridi hawezi kuyeyusha chakula. Anatapika, anadhoofika, na akirudia hivyo anakufa. Jiko la makala pembeni ya sanduku haliko suluhisho: moshi wake unaua nyoka na unaweza kuua wenye nyumba pia.

Anayefaa hali ya hapa

Kama ni kuchagua mmoja kwa hali ya majimbo ya mashariki, nyoka wa nyumba ndiye anayekaribia kufaa. Ni yule wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa, anayeingia nyumbani usiku kufuata panya na mijusi. Hana sumu. Dume ni mdogo, jike anaweza kukaribia mita 1 na zaidi kidogo. Anavumilia baridi kuliko chatu, anakula panya mdogo mmoja kila siku 7 mpaka 10, na sanduku la wastani linamtosha. Afrika ya Kusini na Ulaya wanamzalisha kifungoni, na wanaoanza wanapewa huyo bila wasiwasi.

Ila ni yule aliyezaliwa kifungoni. Wa porini anakuja na kupe na minyoo, anauma kwa woga, na mara nyingi anakataa kula mpaka anakufa. Kama yuko ndani ya nyumba ya mtu tayari, faida yake ni kubwa zaidi akiachwa aendelee na kazi ya panya.

Wengine wanafikiria nyoka wa mayai. Naye hana sumu, wala meno ya maana hana. Anameza yai la ndege zima, analivunja kooni kwa mifupa ya mgongo, kisha anatema ganda. Anaonekana rahisi, kumbe chakula chake ndiyo shida. Mkubwa anaweza kumudu mayai madogo, lakini mchanga anataka mayai ya ndege wadogo kabisa, na yai la kuku halimwingii. Hakuna soko linalouza mayai ya chiriku kila juma.

Wanaofanana

Huku ndiko watu wanapopotea, hata wataalamu.

Nyoka wa nyumba ana pacha mbaya, ambaye anaweza kuitwa nyoka-fuko juu anaishi chini ya udongo. Ni mweusi ao kahawia nzito, anang'aa, macho madogo sana, shingo haionekani, na mkia unaishia kwa kincha kifupi. Wapo nyoka wa nyumba weusi wasio na mistari kichwani, na mtu akiona kwa tochi usiku anawachanganya. Nyoka-fuko ana meno marefu yanayotoka pembeni ya mdomo bila kuufungua. Ile namna ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa, inayofanya kazi kwa wengine, kwake ni bure: anageuza jino na kuchoma kidole cha aliyemshika. Kidole kinaweza kuoza, na serumu za kawaida za Afrika hazitibu sumu yake.

Nyoka wa mayai naye anajikinga kwa kuiga. Anatanua kichwa, anasugua magamba yake mpaka yanatoa sauti ya kukwaruza, na mabaka yake yanafanana na ya kipiri wa usiku, ambaye ana sumu. Kwa adui zake ni ujanja mzuri. Kwa kijana anayetaka kuokota nyoka wa mayai ni mtego, juu anaweza kuokota kipiri akidhani ni mwigaji. Chatu mchanga na bafe mnene nao wanachanganywa mara nyingi.

Halafu kuko wa mitini. Nyoka mwembamba kama kijiti na yule wa macho makubwa ambaye Makaburu walimpa jina boomslang wote wawili wanapatikana mashariki ya Kongo. Wanaonekana wapole, na zamani vitabu viliwahesabu kuwa karibu hawana madhara. Mwaka 1957, Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka huko Chicago, aliumwa na boomslang mchanga. Jeraha lilikuwa dogo, hakwenda hospitali, akaandika tu namna anavyojisikia. Kesho yake akafa kwa kutokwa damu ndani. Mwaka 1975, Robert Mertens, aliyewahi kuongoza jumba la Senckenberg la Frankfurt, aliumwa na nyoka-kijiti aliyemfuga mwenyewe. Alikufa baada ya siku 18. Sumu ya hao inazuia damu isigande, na dalili zinaweza kuchelewa siku nzima ao zaidi. Serumu ya boomslang inatengenezwa Afrika ya Kusini tu, na ya nyoka-kijiti haiko kabisa.

Kama watu waliofanya kazi ya nyoka maisha yote walidharau nyoka mmoja wakafa, jirani anayesema “hiyo haina sumu, naijua” hatoshi kuwa ushahidi. Kivu ya Kusini kuna Kituo cha Utafiti cha Lwiro, katika Kabare, chenye wataalamu wa nyoka na vyura. Wao wanaweza kutambua aina.

Chatu mkubwa, yule watu wanamwita boa

Mchanga wake anavutia: mzuri, hana sumu, urefu kama nusu mita. Lakini chatu wa Afrika anakua haraka na anafika mita 4, hata 5. Mwezi wa 8 mwaka 2013, Campbellton, Kanada, chatu wa aina hiyo alitoroka sanduku lake usiku na kuua watoto wawili waliokuwa wamelala, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Huyu si wa anayeanza, na nyumba ya mbao yenye watoto haiwezi kumzuia.

Sheria inaingia pia. Chatu wote wa Afrika wako katika mkataba wa CITES, ambao Kongo iko ndani yake tangu 1976: kumvusha mpaka, hata kwenda Gisenyi ao Bujumbura, kunahitaji karatasi. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11/2/2014 inalinda maumbile ya inchi, na ndani ya Virunga, Kahuzi-Biega ao Maiko kukamata mnyama ni kosa.

Nyumbani na avenyu

Anayefanikiwa kupata nyoka wa halali, aliyezaliwa kifungoni, aanze na kifuniko. Nyoka anapita fasi yoyote ambayo kichwa chake kinapita, na kitambaa kilichofungwa kwa kamba hakimzuii. Ndani aweke maji safi na kibanda kidogo cha kujificha. Bila hicho hali. Panya asiokotwe mtaani, kwa sababu anaweza kuwa amekula sumu ya panya, na sumu hiyo inamfikia nyoka. Kila anayemgusa anawe kwa sabuni, juu nyoka wanabeba salmonela hata wakiwa wazima. Watoto chini ya miaka 5 wasimguse.

Majirani nao si wa kusahau. Katika avenyu nyingi nyoka ndani ya nyumba anamaanisha kitu kimoja, mulozi, na habari ikienea kabla ya maelezo, mwenye nyumba ndiye atakayeumia. Chefu wa avenyu na jirani wa karibu waonyeshwe mapema. Kama wanakataa, ni heri kuacha.

Akiuma

Hata mwenye nyoka asiye na sumu anapaswa kujua hili, kwa sababu anaweza kuwa amekosea jina lake. Pete, saa na bangili vitolewe haraka kabla ya kuvimba. Mkono ao mguu usitikisike, ufungwe ubao kama uliovunjika. Usikatwe kwa wembe, usifungwe kamba ya kuzuia damu, usinyonywe. Lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni halitoi sumu mwilini. Linapoteza saa ambazo mgonjwa alipaswa kuwa njiani. Apelekwe hospitali kubwa, si kituo cha karibu kisicho na serumu, na kama inawezekana mtu apige simu mbele kuuliza kama serumu iko. Picha ya nyoka iliyopigwa kwa mbali inamsaidia muganga. Nyoka mwenyewe asikamatwe kupelekwa, hata akiwa amekatwa kichwa: kichwa kilichokatwa kinaweza bado kuuma kwa muda mrefu.