Aniceti Kitereza wa Ukerewe na Hadithi Yake ya Mume na Mke

Walimu wa Same na wa milimani Upare huwasomesha watoto habari za Shaaban Robert, na hilo ni jambo jema. Lakini yuko mtunzi mwingine asiyetajwa sana, ambaye maisha yake yanafanana mno na maisha ya walimu wetu wa kwanza. Mtu huyo ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kikubwa cha Ziwa Viktoria. Aliandika kitabu kimoja kikubwa, hadithi ya mapenzi ya mume na mke katika siku za kale, kabla Wazungu hawajaingia nchini.

Kitereza alizaliwa mwaka wa 1896, katika jamaa ya Abakama, yaani watawala wa Ukerewe. Alifiwa na baba yake angali mdogo, akalelewa na mama yake katika boma la Omukama Mukaka, na huko alisikia na kuona mambo mengi ya kikale ambayo vijana wa rika lake hawakuyapata. Kisha akatiwa katika shule ya misioni ya Kagunguli, chini ya Mapadre Weupe, akabatizwa jina la Aniceti. Mwaka wa 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Akakaa huko miaka kumi, akisoma Kilatini na lugha nyingine pamoja na elimu ya dini. Hata hivyo hakuwa padre. Mwaka wa 1919 alitoka seminari, akamwoa Anna Katura, akaenda Mwanza kufanya kazi ya ukarani kwa wafanya biashara wa Kitaliani. Baadaye akarudi kwao Ukerewe, akawatumikia mapadre kwa kufundisha dini na kutafsiri maneno.

Anna na mumewe walizaa, lakini watoto wao walikufa, wala hawakubaki na mtoto hata mmoja. Neno hili yafaa msomaji alishike, maana bila hilo hawezi kukifahamu kitabu.

Jina la kitabu ni refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila hawana mtoto aliye hai. Jamaa za mume wanamsimanga mke, wanataka mwana wao aoe mwingine. Wakwe wakasikia masimango hayo, wakamchukua binti yao kwao. Hapo Myombekere angaliweza kupata mke mwingine upesi, wala hapana mtu ambaye angalimlaumu, kwa kuwa desturi ilimruhusu. Yeye hakufanya hivyo. Alikwenda kwa wakwe zake kuomba, akatozwa faini ya pombe ya ndizi, akarudi kuitafuta pombe hiyo kwa taabu nyingi, mpaka akapewa mkewe. Kisha wakaenda kwa mganga, Bugonoka akatibiwa, akachukua mimba. Na hao wawili wanaotajwa mwishoni mwa jina la kitabu, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke, ndio watoto wao.

Pombe ile ndiyo iliyonifanya nikisome kitabu hiki mara ya pili. Mtunzi mwingine angalisema tu, "Akapika pombe, akaipeleka kwa wakwe." Kitereza hasemi hivyo. Anaeleza kazi yote hatua kwa hatua, pamoja na msaada wa majirani na adabu ya kuifikisha pombe ukweni. Msomaji mwenye haraka atachoka, nami sikatai kwamba ziko kurasa zinazokwenda polepole mno. Lakini mtu aliyezaliwa Usangi au Mbaga, aliyeona dengelua ya miwa ikitengenezwa nyumbani kwao, atatambua mara moja kwamba mwandishi huyu anaijua kazi anayoisimulia. Na tena, kwa kuchelewa kule, twaonja sisi wenyewe jinsi mume yule alivyongoja. Kila siku ya kazi ni siku moja zaidi ya kukaa nyumbani bila Bugonoka.

Hivyo ndivyo kitabu kizima kilivyo. Kulima, kuvua samaki, kujenga, kuagua, kuzaa, kuoa na kuzika, yote yamo, nayo yamefungwa katika habari ya nyumba moja. Wako wanaosema kwamba basi hii si hadithi, ni kitabu cha desturi kilichovikwa majina ya watu. Sikubaliani nao. Kitabu cha desturi chaweza kutuambia mahari ilikuwa kiasi gani. Hakiwezi kutuambia mtu alijisikiaje alipokuwa akirudi peke yake kutoka ukweni.

Mwalimu wa dini huenda akauliza jambo jingine: imekuwaje mtu aliyesoma seminari miaka kumi akaandika habari za waganga na mizimu bila kuzikemea? Naona jibu lake ni rahisi. Kitereza alikuwa Mkristo, na aliyajua mafundisho. Lakini alikuwa akiandika juu ya watu ambao hawakuyasikia, naye hakutaka kutia kinywani mwao maneno yasiyo yao. Nia yake ilikuwa kwamba vijana wa Ukerewe waijue lugha yao na maisha ya babu zao, kwa maana aliona yote mawili yakipotea upesi. Wageni waliotangulia kuandika habari za Upare hawakuandika hivyo. Dannholz, mmisionari wa Kilutheri wa Mbaga, alitoa kitabu chake mwaka wa 1916, na Kotz wa Waadventista mwaka wa 1922, vyote kwa Kijerumani. Vina faida kubwa, lakini majina yake yenyewe yanawataja Wapare kuwa wamefungwa, cha kwanza na imani ya mizimu, cha pili na hofu. Bugonoka hakufungwa hivyo. Anacheka, anakasirika, anawajibu watu.

Kitereza alimaliza kuandika mwaka wa 1945, kwa Kikerewe. Ndio mwaka ule ambao Wapare kwa maelfu waliteremka Same kuikataa kodi ya mbiru. Padre Almas Simard, Mkanada, ndiye aliyemtia moyo, akaanza kukitafsiri kwa Kifaransa. Lakini padre akafa, na kitabu kikalala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Gerald Hartwig, mwanahistoria wa Kimarekani, na mkewe Charlotte, wakajitahidi kukitafutia mpiga chapa. Ikaonekana kwamba kitabu cha Kikerewe hakitapata wanunuzi wa kutosha. Ndipo mzee yule, amekwisha kupita miaka sabini, akakaa chini akakitafsiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa mwaka wa 1980 katika vitabu viwili, navyo vilipigwa chapa Uchina. Kitereza alikufa mwaka wa 1981, nakala hazijamfikia. Alingoja miaka thelathini na mitano, akafa bila kukishika kitabu chake mkononi. Baadaye Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani katika miaka ya 1990, na mwaka wa 2002 Gabriel Ruhumbika, mwenyewe mtu wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe.

Sisi Wapare hatukukosa mwanahistoria. Isaria Kimambo aliwauliza wazee wetu, na mwaka wa 1969 akatoa historia ya utawala wa Upare, tangu Ugweno mpaka kusini. Humo twasoma habari za koo, za wahunzi wa Kishana, za mshitu na watawala. Lakini mke wa mhunzi alilalaje usiku mumewe alipokuwa tanuruni, hiyo haikuwa kazi ya Kimambo kutueleza. Lugha ya Chasu imekuwa na Agano Jipya tangu mwaka wa 1922, hivi kwamba mwenye kutaka kuiandika hana haja ya kubuni herufi. Wazee wanaojua jinsi ndiva ilivyofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, na magomvi ya majirani yaliyotokea pale mtu alipoiba zamu ya mwenziwe, wangaliko Suji na Vudee, nao wamekwisha kuwa wachache.