Baiskeli Mbili za Mbele ya Vita

Mtu wa kwetu akikuonyesha baiskeli ya babu yake, ile ambayo wengi huiita velo na wengine kinga, atakuambia: «Hii ni ya mbele ya vita.» Neno hilo laweza kuwa la kweli, lakini halitoshi, maana kwetu Maniema vita ni vingi. Wazee wa kale walipotaja vita walitaka kusema ile ya 1914 hadi 1918, ama ile ya 1940 hadi 1945. Watoto wao huwaza mwaka 1964, wakati Simba walipotwaa Kindu mwezi wa saba, na jeshi la serikali pamoja na askari wa kulipwa likapita Kibombo mwanzoni mwa Novemba, kisha likaingia Kindu tarehe 5. Wajukuu nao huwaza 1996, ama 1998. Basi kwa neno lile lile moja tunaweza kukosea miaka 80.

Ugumu huzidi baiskeli zinapokuwa mbili: moja ya mwanamume, yenye chuma kilichonyoka juu, na nyingine ya mwanamke, iliyo wazi katikati kusudi nguo zisishikwe. (Kila aliyepata kupanda ile ya kwanza akiwa amevaa kanzu ndefu anajua kwa nini ya pili ilitengenezwa.) Viwanda vya Ulaya vilitoa namna zote mbili, zenye rangi moja na chapa moja, hata bwana na bibi waliweza kununua pacha. Lakini baiskeli mbili zilizozeeka chini ya paa moja si lazima ziwe zimezaliwa pamoja.

Kwanza tukumbuke njia zilizozileta. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliamuru biashara katika bonde la Kongo iwe wazi kwa mataifa yote, kwa hiyo ijapokuwa watawala walikuwa Wabelgiji, mali ya Uingereza iliingia bila kubaguliwa. Reli ya kutoka Kindu mpaka Kongolo, inayopita hapa Kibombo, ilijengwa kati ya 1906 na 1911. Sanduku lililoshushwa Matadi lilipaswa kupanda gari la moshi, kisha meli, kisha gari tena, kisha meli tena, hata lifike Kindu. Toka 1915, reli ya kutoka Kabalo ilipofika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mlango mwingine ulifunguka upande wa Tanganyika.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, maana chuma hukumbuka kuliko ulimi. Shahidi aliye mwepesi kusomwa ni kitovu cha gurudumu la nyuma, kama baiskeli ina gia tatu. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, ndugu wa kampuni ya Raleigh, ilitoa mwaka 1936 kitovu chenye herufi AW, na kando ya herufi hizo ilipiga tarakimu ya mwaka. AW 8 ni ya 1938, AW 9 ni ya 1939. Katika miaka ya baada ya vita utakuta tarakimu mbili. Futa mafuta na vumbi kwa kitambaa, uangaze kwa taa ya pembeni, maandishi yatatokea.

Baiskeli nyingi za kazi hazikuwa na gia. Kwa hizo tazama mng'ao. Mbele ya 1930 hivi vyuma vilipakwa nikeli, ambayo ikizeeka huelekea rangi ya manjano. Baadaye ikaja kromu, yenye mng'ao wa baridi, wa kibuluu kidogo. Vita vilipoanza, madini hayo yalitakiwa kwa silaha, na viwanda vya Uingereza vikapaka rangi nyeusi mahali pa kromu. Usukani mweusi toka kiwandani mara nyingi si wa mbele ya vita, hata mwenyewe akiapa.

Tena usihukumu kwa kifaa kimoja. Kitovu hutaja mwaka wake chenyewe, si mwaka wa baiskeli nzima. Ni namba iliyopigwa kwenye kadre, chini ya kiti ama karibu na pedali, inayofaa zaidi kwa kuchunguza pacha. Peke yake, pasipo vitabu vya kiwanda, haisemi mwaka. Lakini namba mbili za chapa moja zikikaribiana, na vitovu vikiwa vya mwaka mmoja, hapo una ushahidi wa nguvu.

Mipira haisaidii kuhesabu miaka, kwani imebadilishwa mara nyingi. Hata hivyo hatuwezi kuipita kimya. Dunlop alipopata hataza ya gurudumu la mpira wenye hewa mwaka 1888, alikuwa amelitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulaya ikaanza kutamani mpira, na katika Dola Huru ya Leopold II, mpaka 1908, watu wa Kongo wakaulipia kwa fimbo, kwa wake waliofungwa rehani, na kwa vifo. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, mpira ukakosekana, na serikali ya koloni ikaongeza siku za kazi za lazima kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mwenye baiskeli ya 1938 aliweza kukosa mpira wa gurudumu lake huku jirani yake akitumwa porini kuugema.

Ndiyo sababu pacha kamili ni haba. Mpira ulipokosekana, baiskeli moja iliweza kuvuliwa ili nyingine itembee. Katika vita vya baadaye, barabara zilipoharibika na gari la moshi liliposimama, baiskeli zilibeba chumvi, mawese na wagonjwa, na zile za toleka zikabeba abiria. Kila kadre ilipokea gurudumu la mwenziwe.

Aliye na mbili asizipake rangi mpya kwanza. Anakili namba za kadre na za vitovu, aandike kando jina la aliyenunua na mahali, na asitumie msasa: kitambaa chenye mafuta kidogo chatosha, maana chapa ya kiwanda mara nyingi imelala chini ya uchafu huo huo.