Tucson: Mji Uliokunywa Mto Wake

Mto Santa Cruz ndio uliouzaa mji wa Tucson, kusini mwa jimbo la Arizona, na mji ukaunywa mto huo hadi tone la mwisho. Kufikia katikati ya karne ya 20, pampu za mashamba, migodi na nyumba zilikuwa zimeshusha maji ya ardhini kiasi kwamba mto uliotiririka chini ya kilima cha Sentinel uligeuka korongo la mchanga, likiamka siku za mafuriko tu. Leo Tucson inajulikana kwa chakula chake cha jangwani, muziki wake wa Kimexico na madiwani wanaojadili maji kama wengine wanavyojadili mpira. Karibu kila kinachoupa mji huo sifa kiliwahi kunusurika mikononi mwa mji wenyewe.

Watu wamelima bonde hilo kwa zaidi ya miaka 4,000. Waakiolojia wamefukua kando ya mto mifereji ya kumwagilia mahindi yenye umri wa miaka 3,000 na zaidi. Padri Mjesuiti Eusebio Kino alipofika 1692 aliwakuta Waoʼodham wakilima mahindi, maboga na maharage madogo yanayostahimili ukame. Wajesuiti wakaleta ngano na ng'ombe. Mwaka 1775 Hugo O'Conor, Mwairishi aliyelitumikia jeshi la Hispania, akachagua mahali pa kujenga ngome. Mexico ikajitwalia uhuru, kisha ikaiuzia Marekani kipande hicho cha ardhi kwa mkataba uliokamilika 1854, na familia zilizolala Mexico zikaamka ugenini bila kuhama nyumba. Reli ikaingia 1880.

Mezani ndipo historia hiyo inapoonekana vizuri. Tortila ya Tucson ni ya ngano, si ya mahindi kama ilivyo kusini mwa Mexico. Hukandwa kwa mafuta, ikavutwa kwa mikono hadi ikawa pana kupita sinia na nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Anayejua kuvuta chapati ataelewa mara moja kazi iliyopo. Kuna nyama ya ng'ombe inayokatwa vipande vyembamba, ikapakwa ndimu na vitunguu saumu, ikaanikwa juani. Mgahawa wa El Charro, uliofunguliwa na Monica Flin mwaka 1922, huianika juu ya paa ndani ya kizimba cha waya, na hewa kavu ya jangwa inafanya yaliyobaki. Kisha kuna soseji ya Sonora, chakula cha barabarani kilichovuka mpaka: soseji huviringishiwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ikakaangwa, ikalazwa ndani ya mkate laini na kufunikwa kwa maharage, nyanya, vitunguu na pilipili. Kwa msomaji asiyekula nguruwe, maharage peke yake yanatosha kumshibisha.

Lakini kinachonivutia zaidi ni unga wa mesikiti. Mti huo ni wa jamii moja na ule ambao Wakenya wa Baringo na Turkana huuita mathenge na kuulaani kwa kumeza malisho na kuharibu meno ya mbuzi. Tucson ndiko kwao mti huo, na wenyeji wamekula maganda yake tangu kale. Huokotwa yakishakauka, kabla mvua za kiangazi hazijayatia ukungu, kisha watu huyapeleka kwa ndoo kwenye mashine za kusagia zinazozungushwa mitaani. Unga wake una utamu wa sukari iliyoungua kidogo. Huchanganywa na ngano kupikia mikate na biskuti. Mbegu za mazao ya zamani, yakiwemo yale maharage madogo yaitwayo tepari, zimehifadhiwa na shirika la Native Seeds/SEARCH lililoanzishwa mjini humo 1983. Desemba 2015 UNESCO iliutangaza Tucson kuwa mji wa kwanza wa Marekani katika orodha yake ya miji bunifu ya upishi, na hoja kubwa ilikuwa urithi huohuo wa kilimo.

Sifa ikaenda kwa mji. Shamba lilikuwa la nani, ni habari nyingine. Watohono Oʼodham wa San Xavier, jirani na kanisa jeupe lililokamilika 1797, waliona visima vyao vikikauka na msitu wao mkubwa wa mesikiti ukifa kwa sababu pampu za jiji, migodi na wakulima wakubwa zilivuta maji chini ya miguu yao. Mwaka 1975 walikwenda mahakamani. Sheria ya mwaka 1982 iliwapa haki ya kupata maji, na baada ya miaka mingi ya kusubiri mfereji, shamba lao la ushirika likaanza tena kuzalisha tepari zinazonunuliwa leo na wapishi wenye majina.

Hadithi ya mtaa wa kale wa Wamexico haina mwisho mwema kama huo. Wakazi wa Tucson waliongezeka kutoka watu 45,454 mwaka 1950 hadi 212,892 mwaka 1960, jiji likimeza vitongoji vilivyolizunguka, na wenye mamlaka wakataka katikati ya mji pawe pa kisasa. Mwaka 1966 wapiga kura waliidhinisha mpango wa kubomoa ekari zipatazo 80 za nyumba za matofali ya udongo, mahali walipoishi hasa Wamexico, pamoja na Wachina wenye maduka na Waafrika Wamarekani. Palijengwa kituo cha mikutano, kikafunguliwa 1971. Mwanahistoria Lydia Otero ameeleza kwa kina jinsi mtaa huo ulivyopachikwa jina la uchafu na uozo kabla tingatinga halijafika. Lalo Guerrero, aliyezaliwa humo 1916 na kuitwa baba wa muziki wa Wamarekani wenye asili ya Mexico, aliutungia mtaa huo wimbo wa maombolezo.

Ukumbi wa muziki wa kituo hicho tangu 2022 unaitwa kwa jina la Linda Ronstadt. Babu yake alitoka Sonora, akawa fundi wa magari ya farasi na kiongozi wa bendi ya mji; yeye mwenyewe alikuwa nyota wa roki aliyeamua 1987 kurekodi nyimbo za Kihispania za nyumbani kwao, na albamu hiyo ikawa miongoni mwa albamu zisizo za Kiingereza zilizouzwa zaidi nchini humo. Anastahili ukumbi, hilo halina ubishi. Ila mgeni wa heshima anapopanda jukwaani kusifu muziki wa mariachi, chini ya sakafu ni viwanja vya waliokuwa wakiupiga.

Jambo kama hilo lilirudi kwa sura ya vitabu. Mwaka 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyolenga masomo kuhusu Wamarekani wenye asili ya Mexico katika shule za Tucson. Aprili 2011 wanafunzi walijifunga minyororo kwenye viti vya wajumbe wa bodi ya elimu. Januari 2012 masomo yakasimamishwa na vitabu vikatolewa madarasani vikiwa ndani ya maboksi, kikiwemo cha Paulo Freire, Mbrazili yuleyule ambaye mawazo yake yalisikilizwa sana na wataalamu wa elimu ya watu wazima Tanzania enzi za Mwalimu Nyerere. Jaji wa shirikisho aliamua 2017 kwamba hatua hiyo ilisukumwa na ubaguzi.

Turudi kwenye maji, kwani ndiko siasa za Tucson zinakopimwa. Madiwani waliopandisha bei ya maji mwaka 1976 walitolewa kwa kura mapema mwaka uliofuata. Warithi wao wakafungua vitabu, wakaikuta hesabu ni ileile, na bei haikushuka. Mwaka 1992 yakafika maji ya mto Colorado kupitia mfereji wa kilomita zaidi ya 500. Yaliingia moja kwa moja kwenye mabomba ya zamani, yakang'oa kutu, na mabomba ya watu yakatoa maji ya rangi ya chai. Huduma ikasitishwa 1994. Ufumbuzi ulikuwa kuyamwaga kwanza kwenye mabwawa ya Avra Valley, kwenye ardhi ambayo jiji lilikuwa limeinunua kwa wakulima miaka ya 1970, yachujwe na mchanga kabla ya kupampwa tena. Wakati huohuo, katika mtaa wa Dunbar Spring, ambako ilijengwa shule ya watoto weusi enzi za ubaguzi, Brad Lancaster na majirani walikata kingo za barabara ili mvua iingie kwenye mashimo ya miti. Ilikuwa kinyume cha sheria. Jiji likaihalalisha 2007, na mwaka uliofuata likayataka majengo mapya ya biashara kupata nusu ya maji ya bustani kutokana na mvua.

Leo Tucson ina watu zaidi ya 540,000, na inatumia maji karibu sawa na ya miaka ya 1980. Miongoni mwa wageni wapya wamo Wakongo na Warundi wasemao Kiswahili. Shirika la Iskashitaa, lililoanzishwa 2003, huenda na wakimbizi kwenye nyua za watu kuchuma matunda ambayo yangeoza: ndimu, tende, na madanzi, ambayo wenye nyumba wengi huyaona pambo tu.

Agosti 2025 ukumbi wa baraza ulifurika watu waliopinga mradi wa kituo kikubwa cha data uliotaka kuingizwa ndani ya mipaka ya jiji ili upate maji. Madiwani, pamoja na Meya Regina Romero, mwanamke wa kwanza wa asili ya Kilatini kushika wadhifa huo, waliukataa bila hata kura moja ya kuunga mkono. Waendelezaji hawakuondoka: walikuwa wameshakubaliwa kununua ardhi ya wilaya, na wakarudi na mpango wa kupoza mitambo kwa hewa badala ya maji ya jiji. Ugomvi ukahamia kwenye umeme.