Kusubu au Kuchonga? Hekima ya Wahunzi wa Eyasi

Mtu atakaye kutengeneza kitu cha madini ana njia kuu mbili mbele yake. Ya kwanza ni kusubu, yaani kuyeyusha madini mpaka yawe kama maji, na kuyamimina katika kalibu yenye umbo la kitu kinachotakiwa. Ya pili ni kuyatengeneza yakiwa magumu: kuyafua kwa nyundo, kuyakata kwa patasi, kuyapunguza kwa tupa, au kuyakereza kwa mashine. Wengi hudhani kwamba shauri hili lilianza katika viwanda vya Ulaya. Lakini ukishuka kutoka Karatu mpaka Ziwa Eyasi, upande wa chini wa mlima Oldeani, utawakuta watu waliokwisha kulikata zamani.

Watu hao ni wahunzi wa Kidatoga. Wadatoga ni wafugaji, na hapo kale walikaa hata ndani ya kreta ya Ngorongoro, mpaka Wamasai walipowaondoa katika karne ya 19. Oscar Baumann alipofika kreta ile mwezi wa Machi 1892, aliwakuta Wamasai ndio wenyeji. Wadatoga wengi walihamia kusini, na wengine wakabaki kandokando ya Eyasi, jirani na Wahadzabe wawindaji.

Tumtazame mhunzi kazini. Mivuo yake ni ya ngozi ya mbuzi, na moto wake ni wa makaa ya miti. Akitaka kufanya bangili hutwaa shaba ya njano, kama kufuli mbovu na bomba za maji zilizokwisha kazi, akaitia katika chungu kidogo. Ikiyeyuka huimimina katika mfereji wa kalibu, nayo hutoka kipande kirefu chembamba. Kisha hukifua, hukilainisha kwa tupa, na kukitia nakshi. Hapotezi shaba nyingi, na vipande vidogo vya namna mbalimbali vimekuwa kitu kimoja.

Lakini akitaka kufanya kigumba cha mshale, hasubu kabisa. Hutwaa msumari mkubwa, huuchoma mpaka uwe mwekundu, akaupiga nyundo uwe bapa, akaukata miiba yake na kuunoa. Wahadzabe hununua vigumba hivyo, na tangu zamani wamevilipia kwa asali na nyama.

Labda msomaji atauliza: kwa nini asisubu vyote viwili? Jibu la kwanza limo katika moto. Shaba ya njano huyeyuka kwa joto la digrii 900 na kitu, na moto wa makaa na mivuo hufika hapo. Chuma safi hakiyeyuki mpaka digrii 1,538. Hata wale wa Afrika Mashariki waliotoa chuma katika mawe siku za kale hawakupata chuma cha maji. Walipata donge, wakalifua mpaka takataka zikatoka. Jibu la pili limo katika kazi yenyewe. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, nacho huvunjika upesi kikipigwa. Shaba nayo ni laini, haikai na makali. Mwindaji ambaye kigumba chake kimevunjika juu ya mfupa atarudi nyumbani mikono mitupu, na watoto watalala njaa. Kwa hiyo chuma hufuliwa.

Mafundi wa Uingereza nao walijifunza jambo hili kwa shida. James Watt alipounda injini yake ya mvuke, mvuke ulivuja, kwa kuwa silinda yake haikuwa duara kamili. Mwaka 1774 John Wilkinson alibuni mashine ya kutoboa mizinga; muda mfupi baadaye alichonga kwa namna hiyo ndani ya silinda zilizosubiwa, na injini ya Watt ikafanya kazi vema. Basi kusubu huleta umbo, na kuchonga huleta kipimo. Mtu akitaka vitu vingi vya namna moja, kalibu humwokolea kazi. Akitaka kimoja au viwili, au nguvu nyingi, au kipimo kisichokosea, yafaa achonge. Na mara nyingi hutumia njia zote mbili, kama mhunzi yule na bangili yake.

Neno moja limebaki, nalo ni la kusikitisha. Wahunzi wa Kidatoga ni ukoo wa peke yao, Gidang'odiga, na desturi imewazuia kuoana na wengine. Ndivyo ilivyo kwa Ilkunono, wahunzi wa Wamasai. Mkuki wake mchungaji aliutaka, lakini mkono ulioufua aliuepuka. Sisi tusifuate kosa hilo. Mtu ajuaye madini gani yamiminwe na yapi yafuliwe, naye hakupata kitabu cha kumwonyesha, ni mwenye elimu kweli, na wanafunzi wetu wa Karatu wanaweza kwenda kuketi karibu na mivuo yake wakajifunza.