Wingu Juu ya Ziwa Nyasa: Sayansi na Lugha ya Umma

Msafiri anayesimama katika ufuko wa Matema, wilayani Kyela, huweza kuona juu ya Ziwa Nyasa wingu linalopanda mithili ya moshi. Si moshi wala si mvua. Ni wadudu wadogo wenye mabawa, jamaa ya mbu, mamilioni kwa mamilioni. David Livingstone, katika kitabu kilichotoka mwaka 1865, alieleza kwamba wakazi wa kaskazini mwa ziwa waliwakusanya wadudu hao na kuwapika kama mikate. Aliliandika jina lao kuwa “kungo”, yaani wingu au ukungu. Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kulitambua humo neno letu “ukungu”.

Jina hilo lenyewe ni matokeo ya kuchunguza. Sayansi imeongeza yale yasiyoonekana kutoka ufukoni: buu wa mdudu huyu huishi majini, mchana hushuka kwenye kilindi chenye oksijeni haba ili kuwakwepa samaki, na usiku hupanda kutafuta chakula. Hata hivyo, maarifa ya namna hii kwa muda mrefu yalisafirishwa mbali na wenye ziwa. Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyefanya utafiti pande hizi mwishoni mwa karne ya 19, alichapisha mwaka 1906 kitabu kikubwa kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma. Kiliandikwa kwa Kijerumani. Waliochunguzwa hawakuweza kukisoma.

Mkondo tofauti ulionekana mwaka 1973, katika kampeni ya kitaifa ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana na kutenda. Mada zilikuwa malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Tuzingatie majina hayo: mengi yalikuwa vinywani mwa watu tayari. Aidha, kwa mkazi wa tambarare ya Kyela, yenye mashamba ya mpunga na maji yanayotuama, somo la mbu lilikuwa mlangoni pake. Msikilizaji aliweza kutoka kikundini, akainama penye dimbwi na kuwaona viluwiluwi wa mbu kwa macho yake. Hapo ndipo furaha ya sayansi ilipo: kukiona upya kitu ulichokizoea.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwani mtaalamu anahitaji istilahi thabiti. Lakini istilahi pekee haimfikishi mtu kwenye maarifa. Hadi leo sayansi katika shule nyingi za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na kijana wa Matema aweza kukariri jina la Kilatini la mdudu asitambue kwamba ndiye yule aliyemwingia machoni jana jioni.

Hivyo basi, wajibu wetu wanaisimu una pande mbili: kuunda maneno mapya, na kuyakusanya kwa wavuvi na wakulima yale ambayo tayari yamebeba uchunguzi. Neno “kungo” lilimngoja msomi ufukoni. Je, ni mangapi bado yanangoja?